Mnauliza, tunajibu: Norcia, mji mdogo wa adesi, tartufo na matetemeko

Safari hii barua nyingi zimehusu Norcia, mji wa wakulima na wafugaji wenye watu wasiofika 5,000, katika mkoa wa Umbria, katikati ya Italia. Uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa uwanda uliozungukwa na milima ya Sibillini. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Sisi wa huku tumelelewa na Wabenediktini wa Peramiho. Je, ni kweli walitoka Norcia, kwa kuwa ndiko kwao Mtakatifu Benedikto? – Msomaji, Songea

La, hawakutoka huko. Waliokuja kwetu ni wamisionari wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria, Ujerumani, shirika lililoanzishwa mwaka 1884. Walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakafungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Wao ni Wabenediktini kwa sababu wanafuata Kanuni ya Benedikto. Kila abasia husimama kwa miguu yake, na hakuna makao makuu Norcia yanayotuma watawa duniani.

Benedikto mwenyewe alizaliwa Norcia kwenye mwaka 480 hivi, yeye na dada yake Skolastika, ambaye mapokeo humtaja kuwa pacha wake. Akiwa kijana alipelekwa Roma kusoma, maisha ya huko yakamchosha, akajificha pangoni Subiaco. Mwaka 529 hivi akaanzisha Monte Cassino, na huko ndiko alikoandika Kanuni na ndiko alikofia. Kwa hiyo anayekwenda Norcia akitafuta monasteri iliyojengwa na Benedikto hataiona. Ataona basilika yenye jina lake, na chini yake kuta za jengo la Kirumi ambazo mapokeo husema ni za nyumba ya wazazi wake.

Watawa waliondolewa mjini mwaka 1810, enzi za Napoleon, wakarudi mwaka 2000. Tangu tetemeko la 2016 wanakaa nje ya kuta, mlimani, mahali paitwapo San Benedetto in Monte, na mwaka 2024 nyumba yao ilipandishwa kuwa abasia. Wanapika bia pia, tangu mwaka 2012, iitwayo Birra Nursia. Hilo lisimshangaze mtu aliyewahi kuona abasia ikiwa na karakana, shamba na kiwanda cha uchapaji.

Mji wenyewe ni mkongwe kuliko Ukristo. Ulikuwa wa Wasabini kabla ya kuwa wa Warumi. Mwaka 205 kabla ya Kristo vijana wake walijitolea kwenda na Scipio, jemadari wa Kirumi, kupigana na Karthago. Jemadari Sertorius alizaliwa hapo, na Vespasia Polla, mama yake Kaisari Vespasian, ukoo wake ulikuwa wa hapo. Mshairi Virgil aliutaja kwa neno moja tu la sifa: wenye baridi. Baridi hiyo mtaiona ikirudi katika karibu kila jibu linalofuata, maana ndiyo inayokausha nyama na kuchelewesha mazao.

Mwaka 2016 tulipigwa na tetemeko Kagera, na mwaka huohuo Norcia nayo ikapigwa. Picha zinaonyesha nyumba za kawaida zimesimama na makanisa yameanguka. Kwa nini iwe hivyo, wakati kanisa hujengwa imara kuliko nyumba? – Msomaji, Bukoba

Swali zuri, na jibu lake linamfaa kila anayejenga.

Kwanza ukubwa. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa la kipimo cha 5.9, na kitovu chake kilikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. La Norcia, Jumapili ya 30 Oktoba 2016 saa 1:40 asubuhi, lilikuwa la 6.5 na kina chake kilikuwa kilomita 10 hivi tu, karibu kabisa na mji. Tofauti ya 0.6 inaonekana ndogo, lakini vipimo hivi haviongezeki kama namba za rula: nishati iliyotoka ilikuwa takriban mara nane. Juu ya mlima Vettore ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, na mpaka leo kuna mstari mweupe wa mwamba uliochanika ubavuni mwa mlima, unaoonekana ukiwa barabarani.

Pamoja na hayo yote, siku ile hakuna aliyekufa Norcia. Sababu ya kwanza ni ya huzuni: lilikuwa limetangulia tetemeko la 24 Agosti, lililoua watu 299 katika miji ya jirani ya Amatrice, Accumoli na Arquata, kisha mengine mawili tarehe 26 Oktoba. Watu wengi walikwisha kuhama nyumba zao na makanisa yalikwisha kufungwa.

Sababu ya pili ni ya ufundi. Norcia imebomolewa na matetemeko mara nyingi: 1328, 1703, 1730, 1859, 1979. Baada ya lile la 1859 serikali ya Papa, iliyotawala eneo hilo wakati huo, ilitoa kanuni za ujenzi mwaka 1860: nyumba isizidi sakafu mbili, kuta ziwe nene, na chini zitanuke kwa mteremko kama sketi. Mgeni akitembea mjini hushangaa kuona nyumba fupi zenye miguu minene, na hudhani ni mtindo tu. Baada ya 1979 nyumba nyingi ziliimarishwa tena: kuta zilifungwa kwa vyuma kutoka upande mmoja hadi mwingine, paa zikashikizwa kwenye kuta, na juu ya kuta ukapitishwa mkanda wa zege, ile tunayoiita linta, unaozunguka nyumba nzima.

Sasa kanisa. Ukuta wake ni mrefu na haushikwi na sakafu za kati wala kuta za vyumba. Nyumba ni kama sanduku lenye vigawanyo ndani, ilhali kanisa ni sanduku tupu lenye mfuniko mzito. Tena ukuta wa kale wa mawe haukuwa mawe matupu. Wajenzi walipanga mawe mazuri upande wa nje na wa ndani, katikati wakajaza kifusi na chokaa. Ardhi ikitikisika, ngozi mbili hizi zinaachana, kifusi kinashuka na kuzisukuma nje, na paa linakosa pa kukalia. Ndivyo basilika ya Benedikto ilivyokwisha: ulibaki uso wa mbele na sehemu ya nyuma ya altare, katikati pakawa rundo la mawe. Mawe hayo yalichambuliwa, yale yaliyofaa yakarudishwa, na basilika ikafunguliwa tena mwishoni mwa Oktoba 2025.

Kwa anayejenga Bukoba kwa tofali za kuchoma, haya ndiyo ya kuchukua: linta isikatike popote, hata juu ya mlango; pembe za kuta zifungamane, kila mstari wa tofali uingie kwenye ukuta wa pili; kenchi zifungwe kwenye linta kwa chuma, zisikalishwe tu; na mlango au dirisha lisikae karibu na pembe. Kosa linaloua zaidi ni ukuta wa juu wa pembetatu upande wa paa, ule unaoachwa umesimama peke yake bila kushikwa na kitu. Huo ndio huanguka wa kwanza, na huangukia nje, pale watu wanapokimbilia.

Ninakwenda Roma kikazi na nina siku moja ya kwenda Norcia. Nifike vipi na nione nini? – Msomaji, Muscat

Hakuna treni hadi Norcia. Panda treni Roma Termini hadi Spoleto, saa moja na nusu hivi, kisha basi linaloanzia stesheni ya Spoleto. Tazama ratiba ya basi kabla ya kukata tiketi ya treni, wala si baada, maana Jumapili na sikukuu mabasi hupungua sana na basi la mwisho la kurudi huwahi kuondoka. Zamani palikuwa na reli ndogo kutoka Spoleto, iliyofunguliwa 1926 na kufungwa 1968, yenye mahandaki yaliyojikunja ndani ya mlima. Leo njia yake ni ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Ukiipita, beba tochi na koti, kwa sababu ndani ya mahandaki ni giza na baridi hata Julai.

Mjini kwenyewe dakika kumi zinatosha kuvuka kutoka lango hadi lango. Kuta za karne ya 14 zimeuzunguka mji kwa umbo kama la moyo. Baadhi ya sehemu zilianguka mwaka 2016, na bado utakuta winchi na uzio wa wajenzi hapa na pale, kwa hiyo usitegemee kuingia kila jengo. Ingia kwa Porta Romana, fuata barabara moja kwa moja hadi uwanja wa San Benedetto. Katikati imesimama sanamu ya Benedikto ya mwaka 1880, ambayo haikuanguka wakati kila kilichoizunguka kilikuwa kinaporomoka. Upande mmoja ni basilika, mwingine ni jengo la manispaa, na mkabala ni Castellina, ngome yenye minara minne pembeni iliyochorwa na msanifu majengo Vignola mwaka 1554 kwa amri ya Papa Julius III. Watu wa Norcia walikuwa wakaidi, na Papa alitaka gavana wake alale salama.

Kitu ambacho wageni hukipita bila kukitazama kiko ubavuni mwa basilika: ukumbi wa nguzo wa karne ya 16 uitwao Portico delle Misure, yaani ukumbi wa vipimo. Chini yake kuna mawe yaliyochongwa mashimo kama mabakuli ya ukubwa tofauti. Hayo ndiyo yalikuwa vipimo rasmi vya nafaka. Mkulima na mnunuzi walimimina ngano au adesi ndani ya jiwe, wakalipitisha ubao juu ili kusawazisha, basi, hakuna ubishi. Pishi la jiwe huwezi kulibonyeza chini likaonekana limejaa, kama wafanyavyo wauza mchele wenye kopo lililogongwa kitako.

Ukibakiwa na saa moja, tafuta Tempietto, kijengo kidogo cha mwaka 1354 kwenye kona ya barabara, chenye nakshi za mawe. Kisha nenda ule.

Nimeona picha za uwanda wa Castelluccio wenye maua ya rangi zote. Ni lini huwa hivyo, na maua hayo ni ya nini? – Wasomaji wawili, Nairobi na Arusha

Maua hayo ni magugu! Castelluccio ni kijiji cha Norcia kilicho mita 1,452 juu, na mbele yake uko Piano Grande, uwanda tambarare kama sinia ulio mita 1,270 hivi. Hapo ndipo zinapolimwa adesi maarufu. Wakulima hawapigi dawa za magugu, kwa hiyo katikati ya adesi huota popi nyekundu, haradali mwitu ya njano na ua la samawati liitwalo fiordaliso. Ua la adesi lenyewe ni dogo, jeupe, na ukisimama barabarani hulioni.

Msimu ni kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai. Njano hutangulia, nyekundu na samawati hufuata. Wanaotaka rangi zote pamoja huenda wiki mbili za mwisho za Juni au mwanzo wa Julai, lakini hutegemea theluji iliondoka lini. Wikendi za msimu huo magari ya binafsi huwekewa mipaka na watu hupandishwa mabasi ya kupokezana, hivyo nenda siku ya kazi, mapema. Usiingie shambani kupiga picha. Kila hatua inalaza mashina ya adesi, na shina lililolala halivuniki.

Kijiji chenyewe kilibomoka karibu chote mwaka 2016. Barabara nazo zilifungwa, na majira ya kupanda ya 2017 matrekta yalipandishwa uwandani kwa msafara maalumu ili msimu usipotee.

Kilimo chake kwa ufupi: hupandwa theluji ikiisha, kati ya Machi na Mei, na huvunwa mwisho wa Julai hadi Agosti. Shamba halirudiwi adesi mwaka hadi mwaka, huzungushwa na nafaka au malisho. Taabu kubwa ni kwamba maganda hayakomai pamoja. Ukiwahi, nusu ni mabichi. Ukichelewa, yaliyokauka yanapasuka na mbegu inamwagika. Kwa hiyo hukatwa majani yanapogeuka njano, mimea ikaachwa ikauke shambani, ndipo ikapurwa. Mvua ikinyesha katika siku hizo chache, mbegu hubadilika rangi na kuoza. Zamani wanawake waliing'oa kwa mikono, mmea mmoja mmoja, wakiwa wameinama tangu alfajiri. Tangu 1997 jina la adesi hizi linalindwa na sheria za Ulaya kwa alama ya IGP. Mfuko usio na alama hiyo, hata ukiwa na picha ya maua, unaweza kuwa na adesi za popote.

Adesi za Norcia zinapikwaje, na naweza kutumia za dukani hapa? Mara zote zangu ama zinabaki ngumu ama zinakuwa uji. – Msomaji, Nairobi

Tuelewane kwanza kuhusu jina, kwa kuwa “dengu” Kenya ni kitu kimoja na Tanzania ni kingine. Tunasema adesi, zile bapa kama lenzi. Za Castelluccio ni ndogo, milimita 2 hivi, mchanganyiko wa kijani, kahawia na manjano yenye madoa, na ngozi yake ni laini, ndiyo maana haziloweki.

Kwa watu wanne: adesi gramu 300, maji lita 1.2, karoti moja ndogo, bua moja la seleri, punje mbili za kitunguu saumu, vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya zeituni, chumvi.

Zichambue kwenye sinia jeupe, kwa sababu vijiwe vya uwandani vina ukubwa na rangi ya adesi. Zioshe. Katakata karoti na seleri vipande vidogo kama adesi zenyewe, uvikaange na saumu katika nusu ya mafuta kwa moto mdogo, dakika tano, visibadilike kuwa kahawia. Tia adesi, geuza dakika moja, mimina maji baridi. Yakianza kuchemka punguza moto hadi uone povu dogo likipanda pembeni tu. Funika nusu. Baada ya dakika 20 onja. Zikiwa tayari punje inabonyea kwa ulimi na bado ni nzima. Chumvi dakika tano za mwisho. Zima, acha dakika kumi, mimina mafuta yaliyobaki yakiwa mabichi. Huliwa na kipande cha mkate uliochomwa na kupakwa punje ya saumu mbichi.

Sasa matatizo yako. Zikiwa uji, ama ulitumia zile nyekundu zilizobanguliwa, ambazo kazi yake ni kuyeyuka, ama moto ulikuwa mkali, maji yanarukaruka na ngozi inapasuka. Zikibaki ngumu kuna sababu tatu. Ya kwanza ni nyanya au ndimu kutiwa mapema, maana uchachu huzuia ngozi kulainika. Ya pili ni maji ya kisima yenye chokaa. Jaribu maji ya mvua au ya chupa, au tia unga wa baking soda kiasi cha ncha ya kisu, usizidishe, vinginevyo utarudi kwenye uji. Ya tatu ni adesi za zamani, ambazo hata ukeshe nazo hazilainiki.

Na usilaumu mwinuko. Nairobi iko juu kuliko Castelluccio, maji yanachemka kwenye joto dogo kidogo kuliko Mombasa, kwa hiyo ongeza dakika kumi, basi. Kwa adesi za kahawia za dukani, zioshe, ziloweke saa mbili, na tegemea dakika 35 hadi 45.

Norcia inasifiwa kwa nguruwe. Sisi Waislamu tutakula nini huko, na tujihadhari na nini? – Msomaji, Mombasa

Chakula kipo kingi, ila hatari haiko pale mnapoitazama. Paja la nguruwe linaloning'inia dukani kila mtu analiona. Kinachojificha ni mafuta yake, yaitwayo strutto, ambayo huingia kwenye mikate, keki na maandazi. Pia vipande vya pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, hutupwa kwenye chungu cha adesi mwanzo wa mapishi, na mhudumu atakwambia kwa moyo mweupe kuwa ni “supu ya mboga”. Ulizeni hivi: “C'è maiale, strutto o vino?” Maana yake: kuna nguruwe, mafuta yake au mvinyo? Ukisema tu “sili nyama”, pancetta haitahesabiwa.

Vilivyo salama mkishauliza: samaki trota wa mto Nera, wa kuchoma, strangozzi, yaani tambi nene za unga na maji tu, zilizotiwa tartufo, uyoga wa chini ya udongo, na torta al testo, mkate bapa unaochomwa juu ya sahani nzito ya moto, ndugu yake chapati, ila nao muulize kama una strutto. Ipo pia ricotta salata, jibini laini lililotiwa chumvi na kukaushwa likiwa limeviringishwa kwenye pumba za nafaka, la kukwangua juu ya chakula. Jibini la kondoo, pecorino, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo ambaye hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Hapo wanazuoni wanatofautiana, kila mmoja afuate anayemfuata.

Kwa nini Roma maduka ya nyama ya nguruwe huitwa norcineria? – Msomaji, Moshi

Kwa sababu waliofanya kazi hiyo walitoka Norcia. Huku juu, majira ya baridi shamba limefunikwa theluji. Kondoo waliteremshwa tambarare za Roma, na wanaume waliobaki na visu vyao wakashuka nao kuchinja na kuandaa nguruwe za watu, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa baridi. Mchinjaji akaitwa norcino, duka likaitwa norcineria. Mwaka 1615 Papa Paulo V aliitambua rasmi jumuiya yao Roma, chini ya usimamizi wa Benedikto na Skolastika. Jirani yao, Preci, palikuwa na ukoo baada ya ukoo wa wapasuaji wa kweli, waliotoa mawe kwenye kibofu na mtoto wa jicho. Anayejua mishipa ya nguruwe hayuko mbali na mwili wa binadamu. Ndiyo maana norcino likawa pia neno la kumtukania daktari mpasuaji asiyejua kazi.

Kwa wapenzi wa kitimoto: prosciutto di Norcia, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, nao wenye alama ya IGP tangu 1997, lazima utengenezwe zaidi ya mita 500 juu na ukae angalau miezi 12. Paja hukamuliwa damu iliyobaki kwenye mshipa mkubwa, hutiwa chumvi mara mbili, hupumzishwa, huoshwa, kisha upande usio na ngozi hupakwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na unga. Pako hilo si la ladha. Bila hilo nje hukauka na kuwa gamba, maji ya ndani yanakosa njia, na nyama inaoza karibu na mfupa huku juu inang'aa. Fundi huchoma sindano ya mfupa karibu na kiungo cha nyonga, akainusa, ndipo anapojua.

Nimeletewa chupa ya mafuta ya tartufo. Harufu yake inaumiza kichwa. Tartufo yenyewe ikoje, na kweli hutafutwa na nguruwe? – Msomaji, Dar es Salaam

Chupa hiyo ina uwezekano mkubwa kuwa ni mafuta na kemikali moja ya kiwandani, 2,4-dithiapentani. Tartufo halisi ina harufu nyingi kwa pamoja, na hafifu zaidi. Mpe aliyekuletea ahsante, chupa iweke mbali na chakula.

Tartufo ni uyoga unaokaa chini ya udongo, ukiungana na mizizi ya mwaloni au mti wa hezeli. Ya Norcia ni nyeusi, Tuber melanosporum. Palipo nayo, nyasi chini ya mti hufifia na ardhi kubaki tupu kama iliyochomwa. Nguruwe hawatumiki tena. Sheria ya Italia ya 1985 inataka mbwa, kwa kuwa nguruwe hufukua ovyo, akakata mizizi na kula alichokipata. Mbwa hunusa, mtu huchimba kwa kijembe kidogo, kisha lazima afukie shimo. Lisipofukiwa mizizi hukauka na mwaka ujao hakuna kitu. Msimu wake Umbria ni 1 Desemba hadi 15 Machi. Anayekuuzia “nyeusi mbichi ya Norcia” mwezi Julai anakuuzia scorzone, ya kiangazi, ambayo ni halali lakini ni rahisi zaidi na harufu yake ni ndogo. Ikate uone: melanosporum ndani ni nyeusi ya zambarau yenye mishipa myembamba myeupe, scorzone ni rangi ya maziwa na kahawa, na nje ina chunusi kubwa zenye ncha.

Ihifadhi kwenye karatasi ndani ya chupa ya kioo, kwenye friji, ukibadilisha karatasi kila siku, kwa wiki moja hivi. Usiizike kwenye mchele, kwani mchele hunyonya maji yake na kuikausha.

Mapishi ya wenyeji kwa watu wanne: tambi gramu 400, tartufo gramu 60, vijiko sita vya mafuta ya zeituni, punje moja ya saumu na minofu miwili ya acciuga, samaki wadogo wa kopo waliotiwa chumvi, ukoo mmoja na dagaa mchele wetu. Piga mswaki tartufo, ikwangue. Pasha mafuta na saumu nzima kwa moto mdogo kabisa, ponda samaki ndani wayeyuke, toa saumu, epua sufuria. Sasa ndipo utie tartufo, mafuta yakiwa ya moto ambao kidole kinavumilia. Yakitoa sauti ya kukaanga umeshaharibu, maana harufu imeondoka na moshi. Changanya na tambi na kijiko cha maji yaliyozichemsha. Jibini usitie, litaifunika harufu uliyoilipia.